Abishaye Hodi na Beseni la Maandazi

Alfajiri, kabla jua halijapanda, katika vijiji vya Matongo na Nyangoto wilayani Tarime, sauti ya kwanza isikikayo mlangoni baada ya ile ya jogoo aghalabu ni ya mtu abishaye hodi, naye amejitwika beseni. Ndani ya beseni mna maandazi, au vitumbua, au chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Pengine mwenye beseni ni mama, pengine ni binti yake, pengine ni mtoto aliyekwisha kuvaa sare ya shule. Vitu alivyobeba havikutoka kiwandani, havina karatasi yenye chapa, wala hapana mkaguzi aliyevitazama. Vimetoka jikoni kwa mtu. Mwenye nyumba asimama kizingitini na sarafu mkononi, na moyoni mwake mna swali: Je, nimwamini huyu?

Wako watakaocheka kuona ukurasa huu, uliozoea kunena habari za Amri za Mungu na Sakramenti, ukishughulika na maandazi. Na wacheke. Sisi twaona ya kwamba watu wengi hujipatia thawabu zao, na dhambi zao pia, pale pale mlangoni asubuhi, kuliko katika yale mambo makubwa yanayosimuliwa barazani. Kununua na kuuza ni jambo la kila siku, na jambo la kila siku ndilo limpimalo Mkristu.

Yafaa kwanza tupafahamu mahali penyewe. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze kuzalisha mwaka 2002, watu wamekuja Matongo na Nyamongo kutoka pande zote za nchi. Zamani mtu alikula chakula cha mkono aliojua: mkono wa mama, wa mke, wa shangazi. Leo anakula chakula cha mkono wa mtu aliyehamia mwezi uliopita. Hata unga wa ngano wenyewe ni mgeni hapa. Mkurya alilelewa kwa ulezi, mtama na muhogo, na andazi lilikuja kutoka pwani pamoja na chai ya sukari. Lakini aendaye zamu ya alfajiri hawezi kungoja ugali uive. Huhitaji kitu cha kutia mfukoni. Hivyo biashara ikapata mlango.

Nayo si biashara ya kudharauliwa. Katika nchi ambayo mali ya asili ni ng'ombe, na ng'ombe ni wa wanaume, fedha ya maandazi aghalabu ndiyo fedha pekee ambayo mama huishika kwa mkono wake mwenyewe. Humo hutoka daftari la mtoto, chumvi, sabuni na nauli ya kwenda hospitali. Mjane asiye na shamba la kutosha, na mke ambaye mumewe aliingia shimoni asirudi, huinuka saa tisa za usiku, akakanda, akawasha kuni, akasimama juu ya mafuta ya moto hadi macho yamwume kwa moshi. Kabla hujamshuku, jua unamshuku mtu wa namna gani.

Walakini kuna jambo la kushuku. Hatutaki kuwaambia wasomaji wetu waamini kila kitu kwa jina la upendo, maana upendo haukuumbwa uwe upumbavu. Hofu za watu ni nyingi: nyingine ni za kweli, nyingine ni za uzushi, na shida ni kwamba zote huzungumzwa kwa sauti moja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa waalimu wa Kanisa, alilichambua jambo hili zaidi ya miaka 700 iliyopita, tena kwa akili ya kawaida ambayo mama wa Matongo angeielewa mara moja. Yeye hutenga hukumu juu ya kitu na hukumu juu ya mtu. Kitu, asema, chapaswa kuhukumiwa jinsi kilivyo, kwa kuwa ukisema kibaya ni kibaya hukukiumiza. Bali mtu, ikiwa jambo lake lina mashaka, yapasa achukuliwe kwa upande wa wema. Na hata kama kwa kufanya hivyo tutadanganyika mara kwa mara kwa kumdhania mema aliye mwovu, ni afadhali kuliko kumdhania mabaya aliye mwema hata mara chache. Ndipo aongeza neno ambalo wengi hawalijui: anapotafuta dawa ya kuzuia madhara, mtu aruhusiwa kujiweka tayari kana kwamba lililo baya zaidi laweza kutokea. Kujihadhari si kumhukumu mwenzako.

Tuliweke neno hilo juu ya beseni. Andazi ni kitu. Litazame, linuse, livunje, uliza lilivyopikwa. Mama ni mtu. Usimtie hatiani kwa sababu ya kabila lake, au nyumba aliyopanga, au kwa kuwa hakuzaliwa kijijini. Unaweza kukataa andazi bila kumkataa mama. Aliye stadi wa adabu hulifanya jambo hili kwa sentensi mbili: “Shikamoo, mama. Leo sitachukua, lakini niambie maji ya kukandia unayateka wapi?” Mpishi safi hakasiriki kuulizwa hivyo. Kinyume chake, hujibu kwa fahari.

Maji ndiyo jambo la kwanza. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2015 kilienea karibu nchi nzima, mkoa wa Mara nao haukuepuka, na hadi mwisho wa mwaka 2016 wagonjwa waliohesabiwa walizidi 20,000. Andazi litokapo katika mafuta ya moto halina kipindupindu. Moto umekwisha kukiua. Hatari huja baadaye: mkono uliopokea fedha kisha ukachagua andazi, kitambaa kilichosuuzwa mtoni, nzi, beseni lisilo na kifuniko. Kwa hiyo mnunuzi asitazame uso wa muuzaji tu, atazame na mkono wake. Yule mwenye uma au kipande cha karatasi cha kushikia, na kopo la fedha mbali na chakula, amekwisha kujibu nusu ya maswali.

Mafuta ni jambo la pili. Yaliyokaangiwa siku nyingi huwa meusi, hutoa moshi kabla ya wakati, na andazi hubaki na uchungu ulimini. Hilo laonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Mwaka 2014 habari zilienea ulimwenguni kutoka Kenya, nchi iliyo jirani na Tarime, juu ya wezi waliovunja transfoma za umeme na kuuza mafuta yake kwa wakaangaji wa barabarani, kwa sababu mafuta hayo hayaishi upesi na bei yake ni ndogo. Hapo ulimi haukusaidii sana. Mpishi mwenyewe ndiye wa kwanza kujua, na aweza kujua kwa ishara moja: mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa bei ambayo hakuna duka linaloweza kuiuza, tena katika dumu lisilo na jina, yametoka mahali pabaya. Anayeyanunua akisema “mimi sikuuliza” hakuepuka hatia. Kutouliza makusudi ni njia ya zamani sana ya kutenda dhambi.

Lakini kwa Matongo kuna jambo la tatu, nalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Ni zebaki.

Wachimbaji wadogo huitumia kuikamata dhahabu katika mchanga uliosagwa. Huichanganya katika beseni au karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Kisha huchoma lile donge juu ya moto ili zebaki iende zake kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Huingia mapafuni, na sehemu yake hurudi na kutua juu ya kuta, juu ya paa, juu ya vyombo. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na zaidi ya yote humdhuru mtoto aliye bado tumboni. Mji wa Minamata, katika nchi ya Japani, ulijifunza hayo kwa machozi: mwaka 1956 ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani ulitambuliwa rasmi, na mkataba wa mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo.

Sasa, pahali ambapo dhahabu na mlo wa watoto vyatoka ua mmoja, tujiulize moto wa kuchomea dhahabu ni upi. Je, si mafiga yale yale? Na lile karai la mchana huo, jioni halikosi kazi. Chombo kilichochanganyiwa zebaki hakirudi kuwa chombo cha chakula, hata kikisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Jiko ambamo donge limechomwa si jiko tena. Mama akandaye unga humo hana nia mbaya. Pengine mumewe alichoma usiku wala hakumwambia, au alimwambia naye hakujua maana yake. Ndiyo sababu twawataja waume hapa. Mume achomaye dhahabu jikoni kwa mkewe anawatia hatarini watoto wake mwenyewe kwanza, na baada yao nyumba zote ambazo beseni litapita. Hilo laingia katika Amri ya Tano, si ya Saba tu. Achome mbali na nyumba, mahali pa wazi, kwa chombo kinachokamata mvuke, na karai lake lisivuke mlango wa jiko milele.

Wenye kumbukumbu watatukumbusha pia mto Tigithe, ambao mwaka 2009 uliingiwa na maji yaliyovuja kutoka mgodini. Tangu siku hizo watu wengi wa huko hawayatazami maji ya mto huo kwa moyo mtulivu, wala hatuwalaumu. Muuzaji akisema ateka kisimani, aseme kisima kipi.

Mtu atauliza: Serikali iko wapi? Iko, lakini mkono wake haufiki kila mafiga. Usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Alama ya Shirika hilo ni kitu chema, na akina mama wanaojiunga pamoja kuoka mikate kwa wingi wafanye bidii kuipata. Vile vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000 vilimpa mama amani ya kutofukuzwa njiani. Havikusema neno lolote juu ya unga wake. Mtu asichanganye ruhusa ya kuuza na ushuhuda wa usafi. Wala asidhani ya kwamba karatasi ya plastiki iliyopigwa chapa ina dhamiri. Mkate wa dukani nao huoza, na aliyeuoka humjui, wala huwezi kwenda kuona jiko lake. Jiko la jirani waweza kulifikia kwa miguu.

Tufike kwenye hofu za uzushi, maana nazo zaua, ijapokuwa haziui tumbo. Katika nchi yetu mara nyingi mwanamke akiuza vizuri kuliko wenzake hunong'onezwa kwamba ametia dawa katika unga, kwamba wateja “wamefungwa”, kwamba yeye si mtu wa kawaida. Maneno haya hutungwa na nani? Aghalabu na mwenye beseni lililorudi limejaa. Na husambazwa na nani? Na sisi, watu wa Misa ya Jumapili, tukisimama nje ya kanisa. Siku chache hupita, kisha mama yule huzunguka nyumba 20 na kurudi na maandazi yote, asijue kosa lake ni nini. Na hakuna atakayemwambia. Katika nchi za Ziwa wanawake, hasa wazee, wamekwisha kuuawa kwa sababu ya maneno yaliyoanza hivyo hivyo.

Katekisimu yatufundisha kwamba aliyeiba sharti arudishe. Wengi husahau ya kwamba aliyeiba jina jema la mtu naye sharti alirudishe. Haitoshi kuungama kwa Padre. Yampasa kuwarudia wale aliowaambia, mmoja mmoja, akasema: “Lile neno nililosema juu ya Mama Fulani halikuwa kweli.” Kisha, kwa maoni yetu, anunue maandazi ya mama huyo hadharani, ayale mbele ya watu.

Kwa upande wa muuzaji Mtakatifu Tomaso hana huruma ya bure. Kasoro iliyofichika, ambayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, sharti aitaje. Maandazi ya jana yaliyotumbukizwa tena katika mafuta ili yaonekane mapya ni kasoro iliyofichika. Ayauze kama ya jana, kwa bei ya jana, na watu maskini watamshukuru. Aliyechanganya unga wa muhogo katika ngano hajatenda kosa akisema. Akinyamaza na kutoza bei ya ngano tupu, amechukua kisicho chake.

Na yule aliyepunguza ukubwa? Swali hili lilisikika sana mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, kwa kuwa ngano nyingi iliwayo Tanzania hutoka ng'ambo. Maandazi yakawa madogo, na wanunuzi wakanung'unika kwamba wameibiwa. Hatuoni hivyo. Ukubwa ni kitu cha macho. Mnunuzi auona kabla hajatoa fedha. Uingereza ya zamani, kwa sheria ya mkate iliyowekwa karibu mwaka 1266, ilifanya hivyo kwa amri: bei ya mkate haikubadilika, bali uzito wake ulipungua au kuongezeka kadiri ya bei ya nafaka, na mwokaji aliyepunja chini ya kipimo hicho aliadhibiwa. Kumbe mkate mdogo wa mwaka wa njaa ulikuwa mkate wa haki. Dhuluma ni kupanga makubwa juu na kuficha madogo chini, kisha kumhesabia mteja kwa haraka gizani.

Tumesema mengi juu ya mnunuzi kumwamini muuzaji. Lakini tusomapo habari za nabii Eliya na mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, ni nani aliyehitaji kuaminiwa? Mjane alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu katika chupa, chakula cha mwisho cha yeye na mwanawe. Mgeni, mwanamume asiyemjua, wa taifa lingine, akamwomba amwokee yeye kwanza. Eliya hakuulizwa asili yake, na yeye hakuuliza usafi wa jiko la mwanamke wa kipagani. Kila mmoja alijitia mkononi mwa mwenziwe. Twapenda kuhubiri imani ya nabii. Imani ya yule mama ilikuwa kubwa zaidi, kwa maana ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Hivyo ndivyo ilivyo Matongo. Abishaye hodi humwamini afunguaye kila siku, kwa maana nusu ya biashara yake ni ya mkopo. “Niandikie, nitalipa tarehe ya mshahara.” “Niandikie, tukipata mawe nitalipa.” Mama hana daftari, ana kichwa chake tu. Mawe hupatikana, fedha huja, nayo hupita kilabuni kabla ya kufika kwake. Mwenye deni huanza kutoka kwa mlango wa nyuma akisikia sauti yake, na watoto hufundishwa kusema: “Baba hayupo.” Huyu ndiye ajiulizaye kama maandazi ni salama! Deni la maandazi 10 kwa mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwa mama yule ni mtaji wa kesho, yaani unga ambao hataununua. Mtume Yakobo aliwatisha matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, na hatuoni kwa nini mla maandazi ya mkopo asijione humo. Alipe kabla ya Jumapili, kabla ya kutia sadaka katika kikapu, kwa kuwa fedha anayoitoa si yake.

Twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristu wa pande hizo wafanye jambo moja lisilo na gharama. Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba. Ikutane basi nyumbani kwa mama apikaye, na baada ya sala wanawake waingie jikoni mwake, si kama askari, bali kama ndugu. Waone maji yanatoka wapi, karai ni lipi, moto wa dhahabu uko wapi. Wakikuta kasoro, wamsaidie papo hapo: kifuniko cha beseni, ndoo ya kunawia, karai jipya ambalo watalichangia. Wakikuta vyema, kila mmoja wao ataweza kumjibu jirani yake anayeuliza: “Jiko lake nalijua, nimekaa humo.”

Limebaki jambo la mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumsaidia mzazi kidogo baada ya masomo ni jambo lingine na kumtembeza na ndoo hadi usiku. Binti wa miaka 10 apitaye na maandazi saa mbili za usiku karibu na vilabu na mashimo yuko katika hatari kubwa kuliko yeyote atakayeyala. Ukimkuta, nunua yaliyobaki ikiwa unazo fedha, umsindikize mpaka kwao, na mkabidhi mama yake ile ndoo tupu, na umwambie wazi ya kwamba kesho saa hiyo hutanunua kwa mtoto, bali asubuhi, kwake mwenyewe.